Meya hakununua madawati: namna ya kupima upendeleo katika gazeti la halmashauri

Chukua kichwa kimoja cha habari: "Meya awakabidhi wanafunzi madawati 400." Hapo hakuna uongo hata kidogo. Madawati yapo, yamehesabiwa, na meya kweli alisimama mbele ya kamera akashika ukingo wa dawati moja pamoja na mwalimu mkuu. Lakini fedha zilizoyanunua zilitoka kwenye bajeti iliyopitishwa na baraza zima, wakiwemo madiwani wa upinzani walioipigia kura. Zilikusanywa kwa kodi na ushuru wa wakazi wote, wakiwemo wasiompenda meya. Kichwa hicho kimechukua tendo la taasisi kikampa mtu mmoja. "Halmashauri yanunua madawati 400" kingetoa habari ile ile bila kumpigia mtu kampeni. Sasa zidisha tofauti hiyo ndogo kwa kila toleo, kwa muhula mzima wa miaka minne au mitano, ukikumbuka kwamba gazeti lenyewe limelipiwa na wasomaji wake. Hakuna mgombea wa upinzani atakayeweza kuifidia kwa mabango ya wiki tatu.

Watu wengi wakiambiwa gazeti la halmashauri linapendelea, hutafuta matusi dhidi ya upinzani au uongo wa wazi. Wasipoviona, wanaridhika. Mhariri mzoefu hafanyi makosa ya namna hiyo. Upendeleo hukaa kwingine: nani ndiye mtendaji wa sentensi, jambo gani halikuandikwa kabisa, habari ilitoka mwezi gani, na rasimu ilipita mikononi mwa nani kabla ya kwenda kiwandani. Yote hayo yanaweza kupimwa kwa rula, kalamu na subira. Kwa sababu yanapimika, ile hoja ya wahariri kwamba "pande zote zinatulalamikia, basi tuko katikati" haina mashiko. Pande zote zinaweza kulalamika na bado upande mmoja ukawa na haki.

Safari ya rasimu

Tuseme mradi wa maji umechelewa miezi 7. Mwandishi anakwenda eneo la kazi, anakuta mabomba yamelazwa kando ya mtaro, anazungumza na wakazi watatu, anarudi na kuandika: "Mradi wa maji wachelewa miezi 7, mkandarasi atozwa faini." Rasimu inapelekwa kwa mkuu wa idara ya maji athibitishe takwimu. Hatua hiyo ni halali kabisa. Mkuu wa idara hafuti kitu; anaongeza tu kwamba ujenzi umefikia asilimia 80, jambo ambalo ni kweli, na anashauri habari ianzie hapo. Afisa habari anaipokea, anakumbuka kwamba wiki iliyopita meya alitembelea mradi huo na kuna picha nzuri. Picha inaingia. Mkurugenzi anasoma na kusita kwenye aya ya faini: suala hilo linaweza kufika kwa wanasheria, afadhali lisubiri. Aya inaondoka. Kwa kuwa picha imekula nafasi, wakazi watatu wanapunguzwa na kubaki mmoja, na anayebaki ni yule aliyesema anashukuru kuona kazi inaendelea. Gazeti linatoka na kichwa hiki: "Meya akagua mradi wa maji, wafikia asilimia 80."

Watu wanne wameigusa habari hiyo. Hakuna aliyedanganya, hakuna aliyepigiwa simu na ofisi ya chama, na kila mmoja ana sababu ya kiutumishi inayoeleweka. Ndiyo maana ninasema kumsaka mhariri mbaya ni kupoteza muda. Mwondoe huyu, mlete mwingine mwadilifu kuliko wote, na rasimu zake zitapita mikono ile ile na kutoka na sura ile ile.

Kinachotakiwa ni kutenganisha kazi mbili ambazo katika halmashauri nyingi zimefungwa pamoja: kuthibitisha takwimu na kuidhinisha habari. Mkuu wa idara apelekewe tarakimu na nukuu zinazomhusu peke yake, kwa maandishi, apewe siku mbili za kazi za kujibu, na jibu lake litunzwe kwenye faili la toleo hilo. Asipelekewe habari nzima, wala asioneshwe ukurasa uliokwisha kupangwa. Akikaa kimya hadi muda ukapita, habari ichapishwe na ieleze kwamba aliulizwa na hakujibu. Mwanasheria naye asome sehemu zenye hatari ya kashfa tu, na ushauri wake wa kuondoa aya uwe wa maandishi na wenye sababu. Aya inayoondolewa kwa mdomo haiachi alama, na mwaka ukiisha hakuna anayejua ni aya ngapi ziliondoka kwa njia hiyo.

Vitenzi vinavyobeba mtu mgongoni

Kiswahili kina vifaa vyake vya upendeleo, na waandishi wa magazeti haya wanavitumia pengine bila kujua. Cha kwanza ni kauli ya kutendea. "Awajengea wananchi zahanati." "Awaletea maji safi." Kiambishi hicho kimoja kinageuza wajibu wa kisheria kuwa hisani: yupo mtoaji, wapo wapokeaji, na mlipakodi anajikuta amefadhiliwa kwa fedha yake mwenyewe. Ukitaka kujua kama gazeti linapendelea, hesabu kwanza vitenzi vya namna hii ambavyo mtendaji wake ni kiongozi mmoja aliyetajwa kwa jina au cheo.

Kauli za kutendwa na kutendeka hufanya kazi ya kinyume. Mambo yakiharibika, mtendaji hutoweka. Fedha "zilicheleweshwa", kazi "ilisimamishwa", kasoro "zilibainika". Halafu lipo neno "changamoto", ambalo limekuwa chaka la kuficha kila kosa. "Changamoto zimejitokeza": zenyewe, bila kuletwa na mtu. Fungua toleo lolote la gazeti la aina hii usome kwa jicho hilo. Mafanikio yana jina na picha. Makosa yana changamoto.

Kisha angalia vitenzi vya kuripoti. Kiongozi wa chama tawala "amefafanua", "amesisitiza", "amebainisha". Diwani wa upinzani "amedai", "amelalama", "amehoji". "Amefafanua" kinadokeza kwamba ukweli ulikuwepo na yeye ameuangaza tu. "Amedai" kinamnong'oneza msomaji asiamini. Mwongozo wa uhariri unaweza kumaliza jambo hili kwa mstari mmoja: kila anayenukuliwa "amesema". "Amedai" kitumike pale tu ambapo mwandishi alitafuta ushahidi wa kauli hiyo akaukosa, na kitumike hivyo kwa meya kama kwa diwani wa mwisho.

Kuhusu picha, nitataja mambo matatu: mkao, ukubwa na ukurasa. Mwenye madaraka hupigwa akiwa kazini, amevaa kofia ngumu au akiwa katikati ya watoto. Mpinzani huwekwa kipicha cha pasipoti. Kurasa za kulia, yaani 3, 5 na 7, ndizo zinazoonwa kwanza gazeti likifunguliwa, na mpangaji kurasa yeyote anajua hivyo.

Kuhesabu bila kujidanganya

Anayetaka kuthibitisha upendeleo asianze na toleo lililomkera. Achukue matoleo 12 yaliyofuatana. Kama gazeti linatoka kila wiki, achague toleo moja la kila mwezi kwa kura, mwaka mzima. Kila habari ipewe mstari mmoja kwenye jedwali, na mstari huo ubebe tarehe na ukurasa, ukubwa kwa sentimita za mraba, kichwa na picha vikiwemo, mtendaji wa kichwa cha habari, kama ni mtu, taasisi au jambo, waliotajwa kauli zao na idadi ya aya za kila mmoja, kitenzi kilichotumika kuwaripoti, waliomo pichani, na chimbuko la habari, kama ni kikao, ziara, taarifa ya ofisi au juhudi ya mwandishi mwenyewe. Matangazo ya halmashauri yenye sura ya kiongozi yawekwe kwenye jedwali la pili. Yasiachwe, maana nusu ukurasa wa "Salamu za sikukuu kutoka kwa Meya" ni nafasi ya kisiasa hata kama ndani yake hakuna neno la siasa.

Jedwali lijazwe na watu wawili wasioangaliziana, na ikiwezekana wawe na mitazamo tofauti ya kisiasa. Waanze na asilimia 10 hadi 15 ya habari zote, kisha walinganishe majibu. Kwa anayetaka kipimo rasmi, kipo cha alfa ya Krippendorff, kinachoonesha wajazaji wanakubaliana kwa kiasi gani: 0.80 ndiyo inayotegemewa, na chini ya 0.667 majibu hayafai hata kwa hitimisho la muda. Safu itakayowagombanisha ni ile ya "mwelekeo wa habari", yaani kama ni chanya au hasi. Ushauri wangu ni kwamba safu hiyo isiwemo kabisa katika duru ya kwanza. Ni maoni yaliyovishwa namba, na ofisi ya meya ikitaka kuibomoa ripoti yote itaingilia mlango huo. Sentimita za mraba hazibishaniwi.

Kosa kubwa zaidi ni kusahau kwamba mwenye madaraka lazima aonekane zaidi. Yeye ndiye anayetia saini, anayefungua vikao, anayejibu kwa niaba ya halmashauri. Kulinganisha meya na mpinzani nusu kwa nusu si haki. Tuseme baraza lina madiwani 30, na 11 kati yao ni wa upinzani, yaani karibu asilimia 37 ya viti. Katika matoleo 12 kuna aya 240 za kauli za wanasiasa, na aya 14 tu ni za upinzani: chini ya asilimia 6. Namba hiyo inatisha, lakini usiipeleke hadharani bado. Ondoa kwanza aya ambazo kiongozi alisema jambo kwa cheo chake, kama kutangaza tarehe ya chanjo au kufungwa kwa barabara. Tuseme hizo ni 130. Zinabaki 110, na sasa upinzani una karibu asilimia 13. Pengo limepungua, ila sehemu yao gazetini bado ni karibu theluthi moja tu ya ile wanayoshika barazani. Namba hii ya pili ndiyo ya kupeleka, kwa sababu umeshampa mpinzani wa hoja yako nafuu yote aliyostahili.

Hata hivyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji rula. Kinahitaji mihtasari ya vikao vya baraza. Pitia mihtasari ya mwaka mzima, uorodheshe kila ajenda ambayo kura ziligawanyika au ambayo diwani aliomba pingamizi lake liandikwe. Kisha tafuta kila ajenda kwenye gazeti. Je, ilitajwa? Mgawanyo wa kura ulitajwa? Hoja ya waliopinga ilielezwa kwa namna ambayo wao wenyewe wangeitambua kuwa ni yao? Na je, wakazi waliambiwa kabla ya uamuzi, walipokuwa bado na nafasi ya kusema, au baada yake? Tuseme kulikuwa na ajenda 18 za namna hiyo, gazeti likaandika 5, na moja tu ikaeleza sababu za waliopinga. Mhariri anaweza kubishana nawe siku nzima kuhusu ukubwa wa picha, lakini ajenda 13 zilizogawanya baraza na hazikuonekana gazetini hazina maelezo. Msomaji wa gazeti hilo ataamini kwamba baraza lake halijawahi kubishana.

Fanya vivyo hivyo kwa ripoti ya mkaguzi wa hesabu. Angalia matoleo ya miezi miwili baada ya ripoti kutolewa: hoja za ukaguzi zilichapishwa, au ilichapishwa hati safi tu pale ilipopatikana? Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Halmashauri inayosoma sifa zake kila toleo hupoteza hata ile hofu ndogo ya kuonekana imekosea, na huduma huanza kushuka kabla ya kura kushuka.

Mwisho ni muda. Omba kwa maandishi, chini ya sheria ya haki ya kupata taarifa kama ipo, ankara za uchapaji, hati za kupokelea mzigo na orodha ya usambazaji kwa miaka mitatu. Linganisha kurasa na nakala. Nakala zikipanda kutoka 20,000 hadi 35,000 katika mwaka wa uchaguzi, na idadi ya kaya ni ile ile, jibu liko kwenye ankara, na huhitaji kusoma hata habari moja.

Sheria zimejaribu nini

Uingereza imepigana na jambo hili muda mrefu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1986 ilikataza halmashauri kuchapisha kitu kinachoonekana kimekusudiwa kuathiri uungwaji mkono wa chama cha siasa. Mwaka 2011 England ikapata mwongozo mpya wenye misingi saba, miongoni mwake uhalali, gharama zenye tija, ukweli usioegemea upande na uangalifu nyakati nyeti. Mwongozo huo ulisema magazeti ya halmashauri yasitoke zaidi ya mara nne kwa mwaka, na mwaka 2014 bunge likampa waziri uwezo wa kuzilazimisha halmashauri kuufuata. Greenwich Time, gazeti la halmashauri ya Greenwich jijini London, lilikuwa likitoka kila wiki. Baada ya mvutano uliofika mahakamani, toleo la kila wiki likakoma mwaka 2016.

Nadhani dawa hiyo iliponya ugonjwa mwingine. Kupunguza matoleo kunayasaidia magazeti binafsi yasinyang'anywe wasomaji na matangazo, na hilo ni jema. Upendeleo haupungui kwa hesabu hiyo. Gazeti la kila wiki linahitaji habari nyingi, na katika wingi huo hata habari mbaya hupenya. Jarida la mara nne kwa mwaka lina nafasi ya mambo 20 tu, na ofisi ya mawasiliano inajua 20 gani itachagua.

Ufaransa ilikwenda njia ya nafasi ya lazima. Tangu sheria ya Februari 2002, madiwani wasio wa kundi linalotawala wana haki ya nafasi katika jarida la manispaa. Awali ilihusu manispaa zenye wakazi 3,500 na kuendelea, na sasa kiwango kimeshushwa hadi 1,000. Mwaka 2016 mahakama ya juu ya masuala ya utawala, katika shauri la mji wa Chartres, ilithibitisha kwamba manispaa haiwezi kudhibiti maandishi hayo, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri kwamba yana kashfa au matusi. Huu ni ulinzi wa kweli. Udhaifu wake ni kwamba ukurasa wa upinzani hugeuka kuwa zizi: kwa kuwa wamepewa kona yao nyuma, mhariri anajiona hana wajibu wa kuwanukuu katika kurasa nyingine zote.

Na hata kona hiyo ina namna zake za kubanwa. Upinzani hupewa tarehe ya mwisho wiki tatu kabla ya uchapaji, kundi tawala siku tatu, hivyo kundi tawala linasoma maandishi ya wenzao na kuyajibu katika toleo lile lile. Anayeandika kanuni za baraza aweke wazi kwamba makundi yote yanawasilisha siku moja na saa moja, kwa mhariri peke yake. Kila kundi lina idadi sawa ya herufi, nafasi zikihesabiwa. Hakuna anayeona maandishi ya mwenzake kabla gazeti halijatoka. Na hakuna kujibu katika toleo hilo hilo.

Ucheki ulikwenda mbali zaidi. Marekebisho ya sheria yake ya magazeti, yaliyoanza kutumika Novemba 2013, yanayataka magazeti ya serikali za mitaa yatoe habari za kweli na zenye mizania kwa gazeti zima, yawape madiwani nafasi ya kutosha ya maoni yao, na diwani akinyimwa nafasi hiyo ana haki ya kudai taarifa ya nyongeza ichapishwe. Kwa maoni yangu ndiyo njia bora kati ya hizi, kwa sababu inagusa kurasa zote. Ila haki hiyo ni ya mtu kudai. Diwani mwoga, au asiyejua kuandika madai yake, hapati kitu.

Wajerumani waliuliza swali tofauti kabisa: je, serikali ya mtaa inaruhusiwa kuwa na gazeti? Tarehe 20 Desemba 2018 Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua dhidi ya mji wa Crailsheim, uliokuwa ukisambaza jarida la mji bure kwa kaya. Katiba yao inataka magazeti yawe mbali na dola. Mji unaweza kutoa matangazo rasmi na kueleza kazi za baraza na idara zake, lakini hauwezi kutoa chapisho ambalo kwa jumla yake, yaani aina ya habari, mpangilio, kutoka mara kwa mara, matangazo ya biashara na namna ya usambazaji, linachukua nafasi ya gazeti huru. Mahakama inatazama sura ya chapisho zima, haipimi habari moja moja. Kipimo hicho hicho kilitumika mwaka 2022 kwa tovuti ya mji wa Dortmund, na safari hiyo mchapishaji aliyelalamika akashindwa.

Matangazo ndiyo kamba ya pili

Hapa kuna sehemu ambayo mijadala mingi inairuka. Halmashauri haimiliki gazeti lake tu. Inashika pia matangazo ya zabuni, ajira, minada na mipango miji ambayo gazeti binafsi la eneo hilo linayategemea. Mkono mtupu haulambwi. Halmashauri ikiyahamishia matangazo hayo kwenye gazeti lake, inapata faida mbili kwa pigo moja: gazeti lake linaonekana "linajitegemea", na gazeti lililokuwa likiandika hoja za mkaguzi linapunguza wafanyakazi. Likibaki hai, linajifunza kunyamaza.

Ukitaka kuliona hili, usiulize gazeti gani limenyimwa. Uliza fedha za matangazo zimegawanywaje kwa mwaka, kwa gazeti, na kila sentimita ya mraba ililipiwa kiasi gani. Kisha weka pembeni idadi ya nakala za kila gazeti zilizothibitishwa. Palipo na ukaribu wa kisiasa, bei ya sentimita hupanda bila kufuata idadi ya nakala. Mgawanyo huo utolewe kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza, ikizingatia nakala na eneo la usambazaji, na usimamiwe na kitengo cha ununuzi. Ofisi ya mawasiliano isiwe na kauli hapo. Maagizo ya matangazo kwa simu yapigwe marufuku.

Ndiyo maana hata kuliuza gazeti hakutoshi. Ukraine ilipitisha sheria Desemba 2015 ya kuzitoa taasisi za serikali na mabaraza ya mitaa kwenye umiliki wa magazeti, na kuipa kazi hiyo miaka mitatu. Hatua nzuri. Lakini popote pale, gazeti lililotoka kwenye umiliki likabaki na mkataba mmoja mkubwa wa kuripoti shughuli za baraza, kwa fedha zinazotoka mfuko ule ule, limebadilisha hati ya usajili tu.

Kuchagua moja kati ya mawili

Naamini halmashauri inatakiwa kuamua inataka kitu gani. Inaweza kuwa na jarida la huduma: ratiba za zahanati, zabuni, viwango vya ushuru, barabara zitakazofungwa, maamuzi ya baraza pamoja na kura zilivyogawanyika. Jarida hilo lisiwe na picha hata moja ya mtu aliyechaguliwa kwa kura, wa chama chochote. Linahitaji mfanyakazi mmoja au wawili, na kwa halmashauri ndogo ndilo ninalolipendekeza bila kusita. Au inaweza kuwa na gazeti kamili, na hapo ikubali gharama yake: bodi isiyoongozwa na meya, mhariri anayeajiriwa kwa theluthi mbili za kura za bodi zikiwemo za upinzani, na anayeweza kuondolewa kwa wingi huo huo tu, mkataba wake uishe katikati ya muhula wa baraza, si miezi mitatu baada ya uchaguzi, bajeti ipitishwe kwa miaka mitatu, ili habari kali ya Machi isilipizwe kwenye kasma (fungu la bajeti) ya Juni. Kibaya ni kile kilicho katikati, chenye sura ya gazeti na mnyororo wa amri wa ofisi ya mawasiliano.

Vyovyote itakavyokuwa, kipindi cha kabla ya kura kinahitaji kanuni yake. Ufaransa inakataza kampeni za kutangaza mafanikio ya manispaa tangu siku ya kwanza ya mwezi wa sita kabla ya mwezi wa uchaguzi. Uingereza ina kipindi kifupi zaidi kinachoanza na tangazo la uchaguzi, ambalo hutolewa si chini ya siku 25 za kazi kabla ya kupiga kura. Muda mfupi hivyo unatoboka kirahisi: toleo maalumu la "Miaka mitano ya mafanikio" linachapwa siku moja kabla ya zuio, kisha linagawanywa mlango kwa mlango wiki nne zinazofuata. Kwa hiyo zuio liwekwe kwenye usambazaji, si kwenye uchapaji, na lihesabu pia kurasa za gazeti hilo kwenye mitandao ya kijamii, ambako toleo la zamani linaweza kuchapishwa upya kila asubuhi.

Diwani anayetaka kuyaingiza haya asisubiri mjadala wa uhuru wa habari. Ayawasilishe kama masharti ya kasma ya gazeti wakati rasimu ya bajeti iko kwenye kamati ya fedha: mgawanyo wa matangazo, ratiba ya kuwasilisha maandishi, faili la mabadiliko ya rasimu, jedwali la aya na picha litakalochapishwa kila robo mwaka. Bajeti ikishapita, mkataba wa uchapaji husainiwa kwa miezi 12, na mchapaji hulipwa kwa idadi ya nakala, iwe ndani yake mna sura ya nani.